Kidude cha kustrimu kwenye TV: nimepitia vitatu, huyu ndo kabaki sebuleni

Kila mgeni akikaa sebuleni kwangu akaona kidude kimejificha nyuma ya TV ananiuliza hiki ni king'amuzi gani tena. Sio king'amuzi jamani, hakina antena ya nje wala dishi, kinavuta video kwenye intaneti kwa waifai yako kinazimimina kwenye TV kupitia tundu la HDMI, imeisha hiyo. Mi nimeshapitia vitatu mpaka hapa nilipo na cha kwanza nilipigwa vizuri tu, kwa hiyo hii nawaandikia nyie mnaoshangaa mbele ya rafu hamjui mchukue boksi au stiki.

TV yangu yenyewe ni smati, ila ya zamani. Enzi zake ilikuwa inafungua kila kitu, alafu apu zikaanza kufa moja moja, leo hii inagoma kuingia, kesho ile inakwambia toleo lako halitumiki tena, ukitafuta apdeti hamna, yaani kioo kizima hakina hata mkwaruzo ila ubongo umezeeka. Na wala sio TV yangu tu, Desemba 2019 Netflix iliacha kufanya kazi kwenye baadhi ya TV za zamani za Samsung na hata kwenye vidude vya kustrimu vya Roku vya mwanzo mwanzo. Ndo maana mtu akiniambia anataka kubadilisha TV nzima kisa YouTube haifunguki namwambia tulia, nunua kidude cha pembeni, kioo kinadumu kuliko programu zake.

Sasa cha kwanza kilikuwa boksi la Android lisilo na jina la maana, jeusi, lina antena mbili zimesimama kama za panzi, na kwenye kadibodi yake pameandikwa sifa zote za dunia hii: 8K, 5G, RAM 8, memori 128. Nikasema hili ndo lenyewe. Kizuri chajiuza kibaya chajitembeza, na mi nilikuwa nausoma huo utembezi kwa macho yangu mawili na bado nikatoa hela.

Kufika nyumbani nikaingia kwenye setingi nikakuta namba ni zilezile za kwenye kadibodi, nikafurahi. Nikaanza kumimina muvi kutoka kwenye flashi, ya kwanza sawa, ya tano sawa, kufika huko mbele faili zinaonekana zipo ila ukifungua hazichezi. Kumbe memori ya kweli ilishajaa kitambo, ile 128 imechorwa tu na setingi yenyewe imefundishwa kudanganya. Hata hilo ningevumilia, kilichonishinda ni rimoti. Apu zilizokuwemo ni za tableti sio za TV, kwa hiyo mishale ya rimoti haifanyi kitu, inabidi ubonyeze kitufe cha mausi kitokee kimshale kwenye kioo uanze kukisukuma taratiiibu mpaka kwenye alama ya kucheza, ukiipita unarudi, ukirudi unaipita tena. Mama alijaribu mara moja akaiweka rimoti mezani akasema mwanangu niwekee tu taarifa ya habari.

Af kuna picha. Netflix ilifunguka ila sura za watu zilikuwa kama zimepakwa mafuta, nikalaumu waifai wiki nzima, nikasogeza ruta, nikazima simu zote ndani ya nyumba. Tatizo halikuwa waifai kabisa. Huduma kubwa za video zinafunga video zao kwa ulinzi, na kwenye dunia ya Android huo ulinzi unaitwa Widevine, una ngazi. Kifaa chenye L1 kinafungua video ndani ya sehemu salama ya chipu kwa hiyo wanakiamini na kukipa HD na 4K, kifaa chenye L3 kinafungulia kwenye programu tu kwa hiyo wanakipa ubora wa chini hata kama intaneti yako inapaa. Na hata ukiwa na L1, Netflix wana orodha yao wenyewe ya vifaa walivyovithibitisha, kama hakimo utaishia hukohuko kwenye ukungu. Ukitaka kujua chako kiko wapi ingia Play Store weka apu inaitwa DRM Info, fungua, tafuta pale palipoandikwa Security Level. Langu lilikuwa L3. Boksi la 8K linalonipa picha ya DVD, aisee.

Na kuna hili la kutisha zaidi ambalo wauzaji hawaligusi. Januari 2023 mtafiti mmoja alichunguza boksi la Android linaloitwa T95 akakuta programu mbaya imo ndani tayari kabla hata halijatumika, na Juni 2025 FBI, wapelelezi wa Marekani, wakatoa tahadhari kuhusu kitu kinaitwa BADBOX 2.0, kwamba mamilioni ya vifaa vya nyumbani vikiwemo vya kustrimu vimeambukizwa na wahalifu wanapitisha mambo yao kwenye intaneti ya mtu asiyejua chochote. Dalili walizotaja ni kama vile walikuwa sebuleni kwangu: kifaa chapa haijulikani, kinajitangaza kimefunguliwa kila kitu bure, na wakati wa kukiseti kinakwambia zima Google Play Protect, yule mlinzi wa Google anayekagua apu mbaya. Mi langu liliniambia nizime na nikazima kama mtoto mtiifu. Kwa hiyo ukiona boksi linakuomba hivyo lirudishe siku hiyohiyo, usisubiri kesho.

Cha pili nikaenda kwenye stiki, ile inayochomekwa moja kwa moja kwenye HDMI kama flashi kubwa. Tofauti ya mbingu na ardhi. Menyu ni ya TV kweli, mishale inakwenda unapotaka, picha kali. Sasa kosa nililofanya hapa ni langu mwenyewe kwa hiyo jina la kampuni silitaji: kwenye boksi walikuja na adapta ya ukutani, mi nikaona waya mrefu unaharibu urembo nikachomeka umeme wa stiki kwenye tundu la USB la TV. Ilifanya kazi siku mbili tatu. Alafu ikaja jumamosi ya mechi, penalti imewekwa, mpigaji anarudi nyuma hatua zake, sebule nzima imenyamaza, TV ikawa nyeusi. Ikaja nembo. Ikaja menyu. Tulipojua mpira uliingia au haukuingia majirani walishashangilia zamani.

Sababu ni hesabu ndogo tu. Tundu la kawaida la USB 2.0 linatoa ampia 0.5 na stiki nyingi zinataka ampia 1 kwenda juu, kwenye menyu inatosha kwa shida ila video ikiwa nzito inavuta zaidi, umeme haufiki, inajizima na kuwaka upya. Pia ukichomeka kwenye TV kila ukizima TV na stiki inazimika, ukiwasha unaisubiri iamke upya kila siku. Tumia adapta yake. Na kile kipande kifupi cha waya wa HDMI wanachokuja nacho msikitupe, watu wengi wanadhani ni cha mapambo, kinaitoa stiki nyuma ya mgongo wa TV isibanwe na joto na waifai iifikie vizuri. Hapohapo kwenye waifai, kama ruta yako ina 5GHz na TV iko chumba kilekile tumia hiyo, kama kuna kuta mbili katikati rudi 2.4GHz, ni ya polepole ila inapenya.

Nikaja kujua kwamba chapa ndo uamuzi wenyewe, namba ni baadae. Roku ambao vidude vyao vipo tangu 2008 ni rahisi kuliko wote, vigae tu kwenye kioo, mzee yeyote anaelewa, ila huwezi kuingiza apu kutoka nje na chaneli zinazopatikana zinategemea nchi uliyopo, angalia kwanza kabla hujachukua. Fire TV ya Amazon ina bei ya kuvutia mara nyingi lakini ukiwasha unakutana na matangazo na Prime Video, huduma yao wenyewe ya video, kwanza, na duka lake la apu ni la Amazon sio Play Store, kwa hiyo apu unayoipenda kwenye simu usidhani lazima iwepo. Apple TV 4K ni mashine kweli, ya 2022 ina chipu ya A15 ileile ya kwenye iPhone, haigandi, ila kama nyumbani kwenu hamna hata iPhone moja utakuwa umelipia raha za watu wengine, na wakichukua wenye iPhone wajue kwamba tundu la waya wa mtandao lipo kwenye ile ya GB 128 tu, ya GB 64 haina.

Mimi ni mtu wa Android kwa hiyo nikabaki Google TV, yaani Android iliyotengenezwa kwa ajili ya TV. Hapa lazima niwaeleze kuhusu Chromecast, kidude cha Google wenyewe, maana bado watu wanaiulizia kwa jina. Ilianza 2013, ile ya mwanzo haikuwa hata na rimoti, unatumia simu, na mwaka 2024 Google walisitisha kuzitengeneza wakaleta Google TV Streamer yenye RAM GB 4 na memori GB 32. Za zamani bado zinauzwa mkononi na ni nzuri tu, ila kumbuka Machi 2025 zile za kizazi cha pili za 2015 zilikataa kukasti, yaani kurusha video kutoka kwenye simu, dunia nzima kwa siku kadhaa kisa cheti cha usalama ndani yake kiliisha muda, mpaka kampuni ikatuma apdeti. Yaani kidude kizima, waya uko sawa, intaneti iko sawa, na bado hakifanyi kazi mpaka mwenye nacho huko aamke. Ndo ujue unaponunua hiki kitu unanunua na apdeti za miaka inayokuja, sasa lile boksi langu la panzi apdeti ingetoka kwa nani?

Nilichoishia nacho ni Xiaomi TV Box S kizazi cha pili, ya 2023. Ina RAM GB 2 na memori GB 8, ukiisoma hivyo baada ya kusoma 128 unacheka, ila 8 ya kweli inashinda 128 ya kuchorwa. Mfumo wenyewe unakula karibu nusu kwa hiyo usijaze magemu, weka apu zako tano sita unazotumia, na hii ni kwa vifaa vyote vya GB 8 sio hii tu. Imethibitishwa na Google na Netflix, nikafungua ile DRM Info kwa wasiwasi, L1. Nikaweka muvi ileile ya sura za mafuta nikaona mpaka vinyweleo vya shavuni. Tundu la waya wa mtandao haina, hilo ndo ningeliongeza kama ningeulizwa, maana waya ni waya.

Kabla hujashobokea 4K angalia kwanza TV yako na bando lako. TV nyingi za inchi 32 ni za 720p, ukizilisha 4K ni kumimina ndoo kwenye kikombe, kifaa cha HD kinakutosha. Netflix wenyewe wanasema 1080p inataka kasi ya Mbps 5 na 4K inataka Mbps 15, na kwa saa moja HD inaweza kula mpaka GB 3 na 4K mpaka GB 7. Kama intaneti yako ni ya kupima piga hiyo hesabu kwa familia inayowasha TV saa kumi jioni ikazima saa sita usiku. Mi nimeingia kwenye akaunti nikashusha ubora makusudi siku za kawaida, nafungua wote kukiwa na mechi. Na wenye TV ya 4K, sio kila tundu la HDMI linapitisha 4K ya huduma hizi, linatakiwa liwe na HDCP 2.2, ulinzi wa video unaopita kwenye waya wa HDMI, mara nyingi ni tundu moja au mawili tu ndo limeandikwa, ukikosea unapata HD na unalaumu kifaa.

Rimoti sasa, maana ndo kitu utakachokishika kila siku. Hakikisha ina kitufe cha sauti na cha kuzima TV, kuna za zamani hazina na utabaki na rimoti mbili mkononi kama rubani. Kisha ingia setingi za TV washa HDMI-CEC, kila kampuni ya TV inaiita jina lake ila ipo, ukishaiwasha ukibonyeza rimoti ya kidude na TV yenyewe inaamka na kujileta kwenye tundu sahihi. Hiki kimoja tu ndo kilimrudisha mama. Anabonyeza kitufe kimoja, TV inawaka, anashuka mara mbili, YouTube, mahubiri yake yapo palepale alipoyaachia jana, hanipigii tena simu kuniuliza iko HDMI ngapi.

Lile boksi la panzi bado ninalo. Nimelifuta waifai, nimelihamishia chumbani, linacheza muvi za flashi peke yake, na kimshale chake bado kinatokea katikati ya kioo bila kuitwa.