Laibrari ya hesabu ya Scheme iliyonigombanisha na baba mdogo

Jamani mimi Scheme naipenda na msianze kuniambia nihamie Python. Lugha ya programu ya tangu 1975, ndogo, safi, ukishaizoea nyingine zote unaona zina makelele. Shida ni ukitaka hesabu nzito, hapo unakuta kila mtu kaandika kalaibrari kake, yaani msimbo wa tayari wa kuazima, halafu kakatelekeza.

Niko Mtwara hapa Shangani, msimu uliopita nilikuwa namfanyia baba mdogo hesabu za mikorosho yake ya Newala, salfa aliyopuliza na kilo alizovuna. Nikadaunlodi laibrari moja, jina siitaji, inayounganisha Scheme na LAPACK, ule mkusanyo wa msimbo wa kukokotoa milinganyo na majedwali ya namba, bando likakata katikati nikaunga lingine. Ikaingia vizuri nikafurahi kweli. Sasa njoo kwenye majibu, eti mikorosho inatoa kilo hasi! Nikakesha siku mbili nikijua daftari la mzee ndo limekosewa, nikampigia, akaniambia "mwanangu, nimepima mwenyewe kwenye mzani," kisha akanyamaza.

Mwisho nikaipa hesabu ya mtoto wa shule: 2x + y = 3, na 5x + 3y = 8. Kwa kalamu x ni 1, y ni 1. Yenyewe ikatema -31 na 13, na wala haikulalamika! Kumbe LAPACK ni ya Fortran, lugha kongwe ya programu, na Fortran inapanga namba za jedwali kwa safu wima, huyu jamaa aliyeandika laibrari kazimwaga kwa mlalo, ile 1 na ile 5 zimebadilishana viti.

Kukosea tunakosea wote. Nikamwandikia mwenye laibrari kwa adabu kabisa, na mfano nikamwekea. Jibu lake: kasome msimbo. Basi! Nimeusoma ndugu yangu, ndo maana nimekuandikia!

Nikaitoa, nikaiita mwenyewe dgesv_, ile kazi ya LAPACK ya kutatua milinganyo, kutoka Guile, toleo mojawapo la Scheme. Fortran inataka kila kitu kwa pointa, yaani anwani ya mahali namba ilipo kwenye kumbukumbu, hata ile 2 ya ukubwa wa jedwali huipeleki hivihivi, na umeme ukakatika mara mbili, ila mistari kama ishirini tu ikatoa 1 na 1. Nilipiga kelele mpaka mama akagonga mlango.

Nilitaka kuipa nyota mbili, maana bila yenyewe nisingejifunza haya. Lakini nikikumbuka baba mdogo alivyonyamaza kwenye simu, hapana, sitoi hata moja. Msiiguse mpaka arekebishe.