Dakshineswar, Kolkata: nendeni, ila sio Jumamosi

Niseme kabla sijasahau, kwenye hekalu hili la Kali, mungu wa kike wa Wahindu, huingii na simu wala kamera, kwahiyo kama shida yako ni picha piga ukiwa nje afu ukubali yaishe. Mi mara ya kwanza nilienda Jumamosi kwa kutojua, kumbe Jumanne na Jumamosi ndo siku za Kali mwenyewe, foleni imezunguka uwanja mzima, nimesimama kama masaa mawili jua linawaka na miguu peku kwenye sakafu ya mawe. Nikarudi Jumatano asubuhi na mapema, nusu saa tu nishamaliza.

Kufika ni rahisi sana, metro inakushusha pale pale, kituo kilifunguliwa 2021, ukitoka unapanda daraja la waenda kwa miguu lenye maduka pembeni linakufikisha karibu na geti bila kugombana na magari. Hapo sasa ndo muwe macho na wauza maua. Mmoja aliniambia viatu anatunza bure, nilivyorudi akanibana ninunue trei nyingine la maua ndo anipe, tukabishana weee mpaka nikatoa hela. Kuna sehemu maalum ya kuachia viatu na simu, bei ndogo, peleka huko.

Kiingilio hamna, na hakuna aliyeniuliza dini yangu. Hii sio kila mahali jamani, hekalu la Jagannath kule Puri kama we sio Mhindu unabaki getini. Kali unamuona sekunde tatu nne hivi, jiwe jeusi, kasimama juu ya kifua cha mumewe, mungu Shiva, mweupe wa marumaru, maua mekundu ya hibiskasi yamemjaa shingoni, ukitaka kutulia unasukumwa na wa nyuma yako.

Kilichonifurahisha zaidi ni habari za mama aliyelijenga. Rani Rashmoni, mjane, tajiri lakini wa tabaka la chini. Waingereza walipowatoza kodi wavuvi wa mto huu wa Hooghly unaopita pembeni ya hekalu, tawi la Ganges mto mtakatifu wa Wahindu, alikodi kipande cha mto akakifunga kwa minyororo, meli zikakwama, kodi ikafutwa! Baadae, 1847, akiwa anajiandaa kwenda kuhiji Kashi, mji mtakatifu wa Wahindu unaoitwa pia Varanasi, inasemekana Kali alimjia ndotoni akamwambia asiende, amjengee hekalu hapahapa mtoni. Akajenga, minara tisa, likazinduliwa 1855, na makuhani wakubwa wakagoma eti chakula cha mtu wa tabaka lake hakitolewi sadaka. Aliyekubali ni Ramkumar, na mdogo wake aliyemfuata ndo huyo Ramakrishna, mtakatifu maarufu wa Kihindu, ambaye leo watu wanakuja kwa ajili yake kuliko hata jengo. Chumba chake kipo pembeni ya uwanja, kimya, watu wamekaa chini wamefumba macho. Mkewe Sarada Devi alikuwa anaishi kwenye kachumba ka pembe nane hapo jirani, na masufuria na mizigo yote humohumo, yaani nilichungulia nikasema huyu mama ndo mtakatifu haswa.

Upande wa mto kuna vihekalu 12 vya Shiva vimepangana mstari, katikati yake ngazi zinashuka mpaka majini, watu wanaoga, wanajaza chupa waende nazo kwao. Maji sio masafi, tusidanganyane, mi nilinawa vidole tu. Na nyani wenye mikia mirefu wapo, ukibeba ndizi ushaichangia.

Ukitoka usipitilize vibanda vya kochuri, ni kama vichapati vya kukaanga vimeumuka vina dengu ndani, vimetiwa mvuje, ule utomvu mkavu wenye harufu kali, kwenye sahani ya majani na viazi vya mchuzi. Mvuje bwana! Kwetu Tanga huo nimezoea kuusikia ukifungiwa watoto kwa ajili ya kijicho, sikuwahi kujua unaliwa mtamu hivi. Chai inakuja kwenye kikombe cha udongo.

Afu pandeni boti mwende Belur ng'ambo ya pili, makao ya watawa yaliyoanzishwa na Vivekananda mwanafunzi wa Ramakrishna, pamepangika na pasafi kuliko huku, ila pa kistaarabu mpaka unaogopa kukohoa. Kote kuwili wanafunga mchana, mi nilifika Belur geti ndo linafungwa ikabidi nikae nje chini ya mti mpaka saa kumi, bahati nilikuwa nimefungasha kochuri nne.