RC522 darasani: jinsi nilivyojibu swali la kadi ya kivuko

Kifaa hiki nilikinunua kwa sababu ya swali. Tulikuwa kwenye mada ya usumakuumeme, kidato cha nne, binti mmoja akatoa mfukoni kadi anayoigusisha kila asubuhi akivuka kutoka Magogoni kuja Kigamboni. "Mwalimu, betri ya hii kadi iko wapi? Na kama haina, inaongeaje na ile mashine?"

Nilimweleza kwa mdomo. Mashine inatoa uga wa sumaku unaobadilika, ndani ya kadi mna koili, na umeme unazaliwa humo kwa njia ileile aliyoigundua Faraday mwaka 1831. Akasema, "Sawa, Mwalimu," kwa sauti ambayo walimu tunaijua vizuri, ya mtu aliyekubali bila kuona. Sikulala vizuri siku ile. Jumamosi nikapanda daladala hadi Kariakoo.

Nilichorudi nacho ni RC522, kisomaji cha kadi za kugusa, bodi ya bluu inayozidi kiberiti kidogo tu, inayokuja na kadi moja nyeupe na kidude cha bluu cha kuning'iniza kwenye funguo. Nililipa shilingi 15,000. Bodi ya Arduino Uno, kompyuta ndogo ya kukiendesha, nilikuwa nayo tayari, nyaya pia. Upande mmoja wa RC522 kuna mstari wa shaba unaozunguka pembeni, na hiyo ndiyo antena. Upande wa pili kuna chipu ya MFRC522 iliyobuniwa na kampuni ya NXP, na matundu 8 ya kuunganishia. Inafanya kazi kwa masafa ya megahezi 13.56, yaleyale ya kadi nyingi za kugusa tunazotembea nazo.

Nianze na kero, maana ndiyo itakayokukuta kwanza. Pini hazijalehemiwa. Ndani ya mfuko utakuta mistari miwili ya pini, mmoja umenyooka, mwingine umepinda, na muuzaji hakuniambia neno. Usiku ule sikuwa na chuma cha kulehemu, nikazichomeka pini kwenye matundu nikaegemeza bodi kwenye kitabu ili zigusane. Programu ya majaribio huanza kwa kuiuliza chipu toleo lake. Ikajibu 00. Nikasogeza pini kidogo, ikajibu FF (namba hizi ni za msingi wa 16, ndiyo maana nyingine zina herufi). Nikabadilisha nyaya zote, nikapakua upya laibrari ya MFRC522, nikahisi nimeuziwa bodi mbovu. Saa mbili zilikwenda hivyo. Kesho yake fundi redio jirani yangu alinilehemia pini zote 8 kwa dakika tano, nikawasha, skrini ikaandika 92. Hilo ni toleo la pili la chipu. Ukiona 91 ni toleo la kwanza, nalo ni zima. Ukiona 00 au FF, usilaumu programu, angalia nyaya na lehemu.

La pili ni umeme. RC522 inakula volti 3.3. Kwenye Uno tundu la 3.3 limepakana na la 5, na mwanafunzi wangu mmoja alikosea tundu. Hakukuwa na moshi wala harufu, bodi ilinyamaza tu na haikuongea tena. Nilinunua nyingine, na tangu siku hiyo waya wa umeme tunaupaka rangi nyekundu ya kucha, na hakuna anayewasha kabla mwenzake hajaukagua. Hata nyaya za data za Uno zinatoa volti 5, kiwango ambacho chipu hii haikutengenezewa. Watu wengi wanaziunganisha moja kwa moja na zinaenda, lakini kwa kifaa cha kudumu weka kishusha volti katikati, au badala ya Uno tumia bodi ya ESP32 ambayo yenyewe ni ya volti 3.3.

Baada ya hapo kifaa kilianza kurudisha thamani yake.

Wauzaji husema kinasoma hadi sentimita 5 au 6. Tulipima kwa kupanga madaftari juu ya antena, tukaongeza moja moja, kadi ikiwa juu kabisa. Kadi nyeupe ilifika sentimita tatu na nusu hivi. Kile kidude cha bluu kilikoma kwenye sentimita moja na nusu, na wanafunzi wenyewe wakatoa sababu: koili yake ni ndogo, inakamata uga kidogo. Kisha tukahamisha kila kitu juu ya kabati la chuma la maabara. Kimya. Kadi ikilazwa juu ya antena kabisa, hakuna kitu. Chuma kinazalisha mikondo yake yenyewe inayopinga uga, kadi inabaki na njaa. Tulipochomeka kipande cha ubao chini ya bodi, ikazinduka. Ukisikia mtu analalamika kwamba kisomaji alichokifunga kwenye geti la chuma hakishiki kadi, muulize kwanza ameweka nini katikati.

Jaribio ninalolipenda kuliko yote halihitaji hata kadi. Chukua waya mwembamba wa shaba, uzungushe kwenye kopo dogo, kisha unganisha ncha zake mbili na miguu ya taa ndogo ya LED. Hakuna betri, hakuna kingine chochote. Koili ya kwanza ya mizunguko mitatu haikutoa mwanga. Tukaongeza hadi sita, nikaishusha taratibu juu ya antena ya RC522, na ilipobaki kama upana wa kidole taa ikawaka nyekundu. Ukiinyanyua inafifia, ukiishusha inakolea, ukiisimamisha wima inazimika kabisa. Darasa lilinyamaza. Yule binti wa kivuko aliomba aishike mwenyewe, akaipandisha na kuishusha kama mara kumi hivi bila kusema lolote.

Kutoka hapo kueleza jinsi kadi inavyojibu ni rahisi. Kadi haina redio ya kurusha. Inachofanya ni kujifanya mzigo mzito, kisha mwepesi, haraka sana, na kisomaji kinahisi tofauti hiyo kwenye antena yake. Niliwapa mfano wa kisima. Umeshika kamba juu, mwenzako yuko chini na ndoo. Humwoni wala humsikii, lakini akiivuta kamba au akiiachia, mkono wako unajua. Kadi inavuta na kuachia kwa kipimo cha kilohezi 847.5, yaani masafa ya kisomaji yakigawanywa kwa 16.

Halafu kuna kumbukumbu. Kadi inayokuja na kifaa ni ya aina iitwayo MIFARE Classic, ya kilobaiti 1. Ina sekta 16, kila sekta bloku 4, kila bloku baiti 16, na kuna programu ya mfano inayomwaga yote kwenye skrini. Kaa na mwanafunzi mbele ya skrini hiyo, usipite haraka. Kwenye bloku ya mwanzo kabisa, baiti 4 za kwanza ni namba ya kadi na ya tano ni ya kuhakiki. Kadi yetu ilisoma A3 5C 1F 20, kisha C0. Niliwaambia wachukue kalamu, wafanye XOR ya zile nne biti kwa biti, yaani biti mbili zikifanana unaandika 0, zikitofautiana 1. Aliyemaliza wa kwanza alipiga kelele, "Mwalimu, ni C0 kweli!" Ni hesabu za mkono, na zimekubaliana na kitu kilichochongwa kiwandani.

Bloku ya mwisho ya kila sekta ndiyo yenye funguo. Kwenye kadi mpya utaona sifuri sita, halafu FF 07 80 69, halafu FF sita. Wanafunzi waliniuliza mbona ufunguo wa kwanza ni sifuri wakati programu inafungua kwa FF. Jibu ni kwamba ufunguo huo wa kwanza, uitwao A, hausomeki kamwe. Hata ukiwa umeingia nao, kadi inakuonyesha sifuri mahali pake. Zile baiti za katikati ndizo zinazosema nani anaruhusiwa kusoma na kuandika, na hapo ndipo tulipopata hasara. Kijana mmoja alitaka kuandika jina lake kwenye bloku ya 7. Kwa kuwa kuhesabu kunaanza sifuri, bloku ya 7 ndiyo ya funguo za sekta ya pili. Herufi za jina lake zikakaa palipotakiwa kuwa na ruhusa, sekta ikajifunga, na haifunguki tena hata kwa ufunguo sahihi. Waandikie ubaoni kabla hawajaanza: 3, 7, 11, 15, na kuendelea kwa nne nne, usiguse.

Sasa nifike kwenye jambo lililobadilisha maoni yangu kuhusu kifaa chenyewe. Baada ya mwezi nilijenga daftari la mahudhurio. Kila mwanafunzi wa klabu yetu ana kadi yake, anagusa mlangoni, programu inasoma namba ya kadi na kuandika jina na saa. Nilijivunia sana kazi ile. Dosari ya kwanza ilijitokeza kijana alipogusisha simu badala ya kadi. Namba ikatokea inayoanza na 08. Akagusisha tena, ikatokea nyingine, nayo inaanza na 08. Simu hutoa namba ya kubahatisha kila mara ili mwenyewe asifuatiliwe, na 08 mbele ndiyo alama ya namba ya aina hiyo. Kwa hiyo namba si lazima iwe kitambulisho cha kudumu.

Dosari ya pili niliitafuta mwenyewe. Niliagiza kadi ambazo bloku yake ya kwanza inaandikika, nikawapa wanafunzi wawili moja pamoja na RC522 ileile, nikawaambia waingie kwenye daftari kwa jina la mwenzao ambaye siku hiyo alikuwa nyumbani anaumwa. Yeye na mama yake walikuwa wameshakubali kadi yake itumike. Haikuchukua dakika kumi. Daftari langu liliandika kwamba mgonjwa amefika saa 8:14 mchana.

Udhaifu huo haukuishia darasani kwangu. Mwaka 2008 watafiti wa Chuo Kikuu cha Radboud, Nijmegen, Uholanzi, walionyesha jinsi usimbaji wa MIFARE Classic, yaani njia yake ya kuficha data, uitwao Crypto1, wenye ufunguo wa biti 48 tu, unavyovunjwa. NXP, watengenezaji wa chipu hizo, ilikwenda mahakamani kuzuia makala yao, na mwezi Julai mahakama ya Arnhem ikakataa ombi hilo. Wakati huo kadi za Oyster za usafiri wa London zilikuwa za aina hiyo, na baadaye London ikahamia kadi zenye usimbaji wenye nguvu zaidi. Lakini mtu anayesoma namba ya kadi peke yake, kama nilivyofanya mimi, hajafikia hata Crypto1. Ni sawa na mlinzi anayekuruhusu kuingia kwa kuwa umetaja jina, bila kukutazama usoni.

Ndiyo maana naumia nikiona mafundi wanafunga RC522 kwenye milango ya ofisi na nyumba za kupanga na kuwaambia wenye nyumba kwamba wamepata ulinzi wa kisasa. Mteja analipa pesa yake halali na analala akiamini mlango umefungwa. Ukifungiwa kisomaji, muulize fundi swali moja: mashine inasoma namba tu, au kadi inajithibitisha kwa ufunguo wa siri? Akikuangalia bila jibu, bakiza kufuli lako la zamani. Nasi darasani tulijiwekea sharti, kadi tunazozichezea ni zetu wenyewe tu. Ya kivuko, ya benki na ya jirani haziguswi.

Kama unataka kifaa cha kuongea na simu kwa undani zaidi, RC522 itakuchosha, chukua bodi ya PN532. Ni ghali zaidi, lakini inaweza pia kujifanya kadi yenyewe. Kwa somo la fizikia na la kompyuta kwa pamoja, bado sijapata kitu cha shilingi 15,000 kinachofundisha hivi. Ukienda kununua, omba kilicholehemiwa pini, hata ukiongezewa elfu mbili, na chukua kadi za ziada tano, maana zitaharibika.

Ile kadi iliyojifunga sekta ilimaliza siku zake ndani ya begi la mwenyewe, ikakunjika, chipu ikapasuka, haikusomeka tena. Wiki iliyopita tuliiloweka kwenye asetoni, nje, palipo na upepo, tukiwa tumevaa glavu. Plastiki ikalainika na kuachana tabaka kwa tabaka, na katikati ikatokea koili ya waya mwembamba kama unywele, mizunguko minne imeshikana pembeni. Yule binti aliikata chipu iliyokufa, akalehemu taa ya LED mahali pake, akailaza juu ya RC522. Ikawaka.