“Hiyo ni saa tu, mama”: duka la kompyuta lililotaka kunifutia kila kitu

Si kawaida yangu kuandika maoni kuhusu maduka. Hela ikishapotea huwa naimezea, maisha yanaendelea. Ila hawa wa Kariakoo wamenikera, na kila nikikumbuka kile kicheko chao napandwa upya. Jina la duka nalihifadhi, kila mtu na riziki yake.

Kompyuta yangu ya mezani ilianza kunizuia kuingia kwenye akaunti zangu. Yenyewe inawaka vizuri tu. Nikifungua barua pepe, inagoma. Nikienda mtandaoni tunakotunza mahesabu ya kikoba chetu (mimi ndiye mtunza hazina, na kina mama wanataka kujua hela yao iko wapi), inagoma pia. Kwenye simu, kwa nenosiri lilelile, naingia bila shida yoyote. Na kwenye kioo cha kompyuta kulikuwa na onyo la Kiingereza kwamba saa ya mashine iko nyuma. Kona ya chini kulia, tarehe inasoma 1 Januari 2015.

Mwanangu akairekebisha ile tarehe, nikaingia, nikafanya kazi zangu mpaka usiku. Nikazima swichi ya ukutani kama kawaida, maana umeme wa huku kwetu ukirudi unarudi kwa fujo. Asubuhi nawasha, tumerudi 2015.

Haya yote nilimweleza yule fundi. Yote, kwa mpangilio huohuo. Kijana umri wa mwanangu wa mwisho, hakuamka, hakunipa hata shikamoo, macho kwenye simu. Akachomeka sipiyu, akaona onyo, akalifunga bila kulisoma. Nikamwambia, “Baba, hapo wameandika saa iko nyuma.” Akamtazama mwenzake, wakacheka. “Hiyo ni saa tu, mama. Haihusiani na akaunti. Hapa umehakiwa, virusi vimejaa, dawa yake ni kupiga windo.”

Kupiga windo! Mnajua maana yake: wanafuta, wanaanza upya. Picha za harusi ya binti yangu zimo humo, sijawahi kuzihamishia popote. Nikauliza, vitu vyangu je? “Tutajaribu kuviokoa, ila hiyo ni bei nyingine.”

Halafu akanisukumia daftari la shule, lile la mistari, niandike barua pepe yangu na nenosiri ili “wakimaliza wanirudishie kila kitu”. Juu ya pale nilipotakiwa kuandika kulikuwa na majina ya wateja wengine, namba zao za simu, na nywila zao zimeandikwa kwa peni ya bluu, wazi kabisa. Mmoja ametumia jina lake na mwaka, nadhani wa kuzaliwa. Daftari liko kaunta, mtu yeyote anayekuja kununua chaja analisoma. Nikalirudisha. Akasema, “Mama hutuamini?” Sikuwaamini, na nikamwambia.

Nikabeba sipiyu yangu. Hela ya ukaguzi, shilingi elfu kumi, walishaichukua mlangoni. Risiti ya EFD, ile ya mashine ya kodi? Mashine eti imeisha karatasi.

Nimetoka na hasira zangu, hatua chache tu nikamkuta mzee mmoja fundi saa, ana kimeza chake barazani. Kwa kuwa tatizo lilikuwa saa, nikaona nimuulize mtu wa saa, nusu kwa utani. Naye hakucheka. Akasema vitu vyote vinavyotunza saa vikiwa vimezimwa vina betri, akafungua ubavu wa sipiyu kwa bisibisi, akachomoa kidude cha duara kama sarafu, akakiweka kwenye mita. Haikufika hata volti 2, wakati mpya ni volti 3. Betri yenyewe ni aina ya CR2032, ileile ya rimoti za magari mengi. Akaweka nyingine, akanitoza elfu mbili, akanipa shikamoo yangu ya kuondokea ingawa ni mkubwa kwangu. Nilicheka mpaka basi.

Nyumbani nikapanga tarehe, nikaingia akaunti zote. Nikazima ukutani, nikalala, nikawasha: saa iko palepale inapotakiwa.

Na saa inahusiana sana tu, kijana wangu. Kila tovuti salama ina cheti chenye tarehe ya kuanza na ya kuisha. Kompyuta inayoamini tuko 2015 ikioneshwa cheti cha mwaka huu, inaona bado hakijaanza kutumika, inakataa kupeleka nenosiri lako huko. Inakulinda, masikini. Onyo lile lilisema kweli tupu, na wewe ulilifunga!

Niwe mkweli, duka hilohilo ndilo lililonibadilishia pawa saplai kipindi fulani huko nyuma, na mpaka leo inapiga kazi. Kwa hiyo nikisema hawajui kazi nitakuwa nawaonea. Vyuma wanavijua. Nilitaka kuwapa nyota tatu kwa ajili ya hilo. Lakini lile daftari... hapana, mbili. Na kicheko je? Moja. Kama una kioo kilichopasuka nenda, watakitengeneza vizuri na kwa bei ya haki. Kama shida yako ina neno “akaunti” ndani yake, pita moja kwa moja, na kama jina lako limo kwenye daftari lile, badilisha nenosiri leo hii.

Elfu kumi yangu bado wanayo. Nimepiga simu, naambiwa bosi katoka. Kesho naenda mwenyewe, na nitakaa palepale kaunta mpaka arudi.