Samson Q2U kwa redio ya chumbani

Redio yangu ya mtandaoni naiendesha chumbani Temeke, dirisha linatazama kijiwe cha bajaji. Ndiyo maana ile maikrofoni ya kondensa aliyoninadia muuzaji Kariakoo niliikataa: ingedaka hadi jogoo wa jirani. Samson Q2U ni maikrofoni ya dainamiki, yaani inadaka zaidi sauti iliyo karibu nayo. Sogeza mdomo, vidole vinne hivi, na bajaji zinabaki huko nje. Ina USB ya kuchomeka kwenye laptop na XLR, tundu la waya wa kwenda kwenye mikseri, kwa siku utakapoinunua. Tundu la hedifoni liko palepale chini yake, unajisikia bila sauti kuchelewa. Stendi yoyote ya mezani hupitisha vishindo, kwa hiyo iwekee kitambaa kilichokunjwa. Programu ya kuchezea muziki kwenye laptop, Mixxx, ni ya bure, na inarusha matangazo yenyewe. Hela ikibaki, chukua hedifoni za kufunika masikio. Mikseri isubiri.