Saidi mira imevunjika Malindi: ununue ipi, na upepo uukate wapi

Ijumaa moja baada ya sala, tuktuk ilijaribu kupita ubavuni mwa gari langu kwenye njia ya kutokea sokoni, mahali penye nafasi ya baiskeli tu. Nikasikia "ta!" Nilipogeuka, saidi mira ya kushoto ilikuwa inaning'inia kwa nyaya zake kama samaki kwenye mshipi, na kioo kimesambaa barabarani. Dereva wa tuktuk akasimama, akaomba radhi, tukaachana salama.

Kazi ilianzia hapo. Gereji nilikutana na kijana aliyenishauri nisirudishe mira kubwa kama ile. Niweke zile ndogo zilizochongoka, za magari ya mbio, gari likate upepo na mafuta yapungue. Maneno hayo nimeyasikia Malindi, nimeyasikia Kilifi, na nimeyasikia Mokowe kwa madereva wanaoacha magari yao bara kabla ya kupanda boti kwenda Lamu. Yana ukweli ndani yake, ila ukweli wenyewe ni mdogo sana, na unaweza kukunyang'anya macho ya pembeni ambayo ndiyo yanayokuokoa na bodaboda. Kwa hiyo nianze na upepo, halafu tuje dukani.

Sisi tuliokulia pwani tunaujua upepo kwa tanga. Mwendo wa jahazi hautegemei omo, yaani mbele yake, peke yake. Hata tezi, yaani nyuma yake, ikikaa vibaya, maji yanarudi hapo kwa vurugu na kukivuta chombo. Gari ni vivyo hivyo. Ukiitazama saidi mira kutoka mbele ni ya mviringo, imekaa vizuri. Zunguka nyuma: ni bapa, kwa sababu ndipo kioo kinapokaa. Upepo unaopita kasi pembeni mwa gamba la plastiki la mira hauna pa kuteremkia taratibu, basi unajikunja na kufanya visulisuli, na visulisuli hivyo vinavuta nyuma. Hata ile sauti ya upepo unayoisikia karibu na sikio ukiwa barabara kuu, kwa sehemu kubwa hutoka hapo.

Lakini ni kiasi gani? Makadirio ya kawaida ni kwamba saidi mira mbili huchangia kati ya asilimia 2 na 7 ya ukinzani wote wa upepo kwenye gari. Mwaka 2018 Audi walipotoa gari lao la umeme, e-tron, lile lenye vioo vya kawaida lilikuwa na kipimo cha ukinzani wa upepo cha 0.28 (kadiri namba inavyopungua ndivyo gari linavyokata upepo vizuri). Lile lenye kamera kwenye mikono myembamba badala ya vioo likawa na 0.27. Hicho ndicho kiwanda chenye wahandisi na mahandaki ya kupimia upepo kilichopata kwa kuondoa vioo kabisa. Mira ndogo ya kufunga kwa skrubu mbili gereji haiwezi kukupa zaidi ya hapo.

Tena nguvu ya upepo hupanda kwa mraba wa mwendo. Ukitoka kilomita 80 kwa saa ukaenda 100, mwendo umeongezeka robo, ila upepo unaokuzuia umeongezeka kwa asilimia 56. Ukishuka hadi 40, unabaki robo tu ya ule wa 80. Kwa hiyo gari la kuzunguka mjini, Shela ya hapa Malindi hadi sokoni hadi hospitali, halina upepo wa kuukata. Ni safari ya Mombasa, karibu kilomita 120, au ile ndefu ya Garsen na Witu kwenda Mokowe, ndiyo inayofanya hesabu hii iwe na maana.

Sasa tununue. Napanga kwa jinsi ninavyoona mimi, kuanzia ile ambayo ningekushauri kwanza.

1. Kioo peke yake

Watu wengi hununua saidi mira nzima wakati kilichovunjika ni kioo tu. Kama gamba liko imara, mkono haujalegea na mota bado inakigeuza kitako cha kioo kushoto, kulia, juu na chini, nunua kioo chenye sahani yake ya plastiki nyuma. Mimi kioo cha upande wa dereva nilikilipia shilingi 1,200. Saidi mira nzima ya mtumba waliniambia 5,500.

Kukibadilisha ni kazi ya robo saa, na jua letu linasaidia. Acha gari juani mchana ili plastiki ilainike, sukuma upande mmoja wa kioo hadi upande wa pili uinuke, kisha kichomoe kwenye vifungo vyake kwa uangalifu. Kama kuna nyaya za kupasha moto nyuma yake, zitoe kabla ya kukivuta mbali. Kipya unakiegemeza mahali pake, unafunika kwa kitambaa na kukikandamiza kwa kiganja katikati hadi usikie "tak". Ukikandamiza pembeni kitapasuka, na hakuna duka litakalokirudisha.

Kabla ya kulipa, linganisha mpindo. Magari yaliyotengenezwa kwa soko la Japani, ambayo ndiyo mengi yetu, huwa na vioo vilivyobinuka kidogo pande zote mbili. Huonyesha eneo pana, na vitu huonekana mbali kuliko vilivyo. Ukiweka kimoja kilichobinuka na kingine bapa, jicho lako litapima umbali kwa njia mbili tofauti, na hilo ni baya kuliko unavyodhani unapotaka kumpita lori.

2. Mtumba kamili kutoka Japani

Gamba likishavunjika, hapa ndipo ningekwenda. Ni kifaa cha kiwanda: kinakaa sawa mlangoni, hakitetemeki, na mpindo wa kioo ni wenyewe. Kama Malindi hakuna, wenye maduka huagiza Mombasa asubuhi na mzigo ukaja na matatu jioni.

Lakini mtumba unataka mnunuzi mwenye macho. Gari langu ni Toyota Fielder, na mara ya kwanza nilimuuliza mzee mmoja mwenye duka, "Ami, hii ni ya Fielder ipi?" Akanijibu, "Fielder ni Fielder, mwanangu." Nikaamini, nikalipa. Ilikuwa ya toleo la NZE141, na gari langu ni toleo la NZE161. Fundi aliilazimisha ikaingia. Ile pembetatu ya chini, mahali mira inaposhikana na mlango, haikulala vizuri, na kuanzia Gede hadi Kilifi upepo ukanipigia mluzi sikioni. Nilirudi njia nzima nikiwa na hasira na nafsi yangu kwa kutokwenda na namba.

Basi nenda na namba. Tazama kibati cha chesisi: Probox ya NCP51 na ile mpya ya NCP160 si moja, na Noah ya ZRR70 haivai ya ZRR80. Kwenye kibati hichohicho kuna namba ya rangi. Kwa Toyota, 040 ni nyeupe, 202 ni nyeusi, 1F7 ni fedha. Ukipata ya rangi yako umeokoa pesa ya kupuliza.

Halafu hesabu nyaya kwenye plagi. Yenye nyaya 3 ni ya kugeuza kioo tu. Yenye 5 kwa kawaida inajikunja yenyewe. Yenye 7 mara nyingi ina na indiketa. Ukinunua ya 7 na gari lako ni la 5, hizo mbili za ziada zitakaa bure, na pengine plagi isiingie kabisa. Chukua ile ya zamani mkononi mwende nayo dukani, plagi mbele ya plagi.

Mwambie muuzaji aijaribu kwa betri ya volti 12 mbele yako. Ikunje, ikunjue, mara tatu. Mota ya kukunjia ndiyo hufa kwanza kwenye hewa yetu ya chumvi, na bila hiyo utakuwa unateremka kukunja kwa mkono kila unapoegesha kwenye njia nyembamba. Chungulia kingo za kioo pia. Ukiona weusi unaotambaa kutoka pembeni kama ukungu, chumvi imeshaingia nyuma ya tabaka la fedha linalokifanya king'ae na haitarudi nyuma.

Jambo moja dogo ninalolipenda: baadhi ya Toyota za miaka ya 2010 zina mapezi madogo, marefu kama kidole, kwenye shina la saidi mira. Mapezi hayo yamewekwa makusudi kutuliza upepo unaopita ubavuni mwa gari. Mafundi wa rangi wana tabia ya kuyasaga wakidhani ni alama ya plastiki kutoka kwenye kalibu. Mwambie fundi wako ayaache.

3. Mpya ya Taiwan

Kuna viwanda vya Taiwan, kama Depo na TYC, vinavyotengeneza saidi mira na taa kwa magari ya watu wengine kwa miaka mingi. Ubora ni wa kuridhisha. Huja nyeusi bila rangi, basi ongeza gharama ya kupuliza. Nimeiweka ya tatu kwa sababu si kila gari la soko la Japani lina yake. Kwa gari la mtindo uliouzwa nchi nyingi, hii inaweza kupanda hadi ya pili, hasa kama mitumba uliyoonyeshwa imeshaliwa na chumvi.

4. Mpya kutoka kwa wakala

Kama gari ni jipya au bima ndiyo inayolipa, chukua. Vinginevyo, pesa hiyo ina kazi nyingine nyumbani kwako.

5. Mpya isiyo na jina

Inang'aa kwenye boksi na bei yake inashawishi. Kasoro yake ni kutetemeka: plastiki ya mkono ni nyepesi, na ukifika kilomita 80 lori la nyuma linaonekana kama madoa mawili. Kioo kinachotetemeka hakikwambii kama lile lori linakuja au limesimama. Kama huna budi, ishike mkononi uitikise. Ikicheza dukani, itacheza zaidi ukivuka daraja la Sabaki.

6. Kioo cha kukatwa na fundi wa vioo

Najua hali zetu, na najua kwa nini watu hukata kipande cha kioo cha kujitazamia na kukibandika kwa silikoni. Kimefikisha watu wengi nyumbani. Lakini ni bapa, kwa hiyo kinakuonyesha ukanda mwembamba wa barabara, na bodaboda anayekupita kushoto humwoni hadi yuko mlangoni. Ni kizito pia, na mota haikujengewa uzito huo. Usiku, kwa kuwa fedha yake iko nyuma ya kioo kinene, taa za gari la nyuma huja mbili mbili. Kitumie wiki moja ukisubiri mzigo kutoka Mombasa, usikifanye cha kudumu. Na kama kimeanza kulegea, kitoe kabla hakijamwangukia mtu.

Za kuacha dukani

Mira ndogo za mbio: hesabu ya upepo tumeshaifanya. Unapunguza eneo la kuona kila siku ili upate kitu ambacho hutakiona kwenye risiti ya petroli.

Kamera: Japani iliruhusu magari yasiyo na vioo mwaka 2016, na Lexus ES ya huko ikatoka na kamera za pembeni mwaka 2018. Lakini ule ni mfumo uliojengwa pamoja na gari. Kamera ya kubandika ikipigwa na vumbi na chumvi kwa mwezi mmoja, utatazama skrini yenye ukungu. Kama ni pembe isiyoonekana inayokusumbua, bandika kioo kidogo cha duara kwenye kona ya nje ya chini ya kioo chako. Ni bei ya chai na mahamri ya watu wawili.

Upepo uukate hapa

Inua macho, tazama paa. Keria tupu ambayo mara ya mwisho ilibeba godoro wakati wa harusi, bado iko pale. Wizara ya Nishati ya Marekani inakadiria kuwa sanduku kubwa butu la mizigo juu ya paa hupunguza umbali unaokwenda kwa mafuta yale yale kwa asilimia 10 hadi 25 kwenye mwendo wa kilomita 105 hadi 120 kwa saa. Keria tupu haifiki huko, lakini hakuna saidi mira ya kulinganishwa nayo. Ifungue, iweke ukumbini, irudishe siku ya mzigo. Na mzigo ukiweza kuingia ndani, uingie ndani.

Pili ni pumzi ya magurudumu. Huu si upepo wa nje, ila faida yake inaingia mfuko uleule. Kwa kila psi 1 (kipimo cha pumzi ya gurudumu) inayopungua kwa wastani wa magurudumu yote, unapoteza kama asilimia 0.2 ya mafuta. Yakipungua psi 10, hiyo ni asilimia 2, na kurudisha pumzi petroli stesheni ni dakika tano. Kipimo sahihi kiko kwenye kibandiko cha mlango wa dereva.

Halafu lile bampa la chini lililofungwa kwa waya na plastiki ya chini ya injini inayoning'inia: zifunge vizuri. Madirisha, fungua mjini, funga ukishatoka Msabaha. Na ukiweza kwenda 90 badala ya 110, umepunguza thuluthi nzima ya nguvu ya upepo bila kununua kitu.

Ukishafunga saidi mira, usimlipe fundi yote papo hapo. Kaa kwenye kiti jinsi unavyokaa siku zote, geuza kioo hadi ubavu wa gari lako uonekane kwa uzi tu na upeo wa barabara ukae katikati. Kisha toka naye hadi barabara ya Mombasa, funga madirisha, zima redio, fika 80. Ukisikia mluzi kwenye pembetatu ya mlango, raba ya chini haijakaa. Rudini aifungue aipange upya, ndipo umpe pesa yake.