Jioni redio zilipozimika: miaka yangu mitatu na BBC Alba

Nilihamia Inverness, kaskazini mwa Uskoti, Oktoba 2012, nikitokea London kwa kazi ya kuhudumia wazee majumbani. Chumba nilichopanga kilikuwa na kitanda, kabati lenye mlango mmoja, na televisheni ya Freeview, ile ambayo king'amuzi kimo humo humo ndani na hulipi kila mwezi. Redio sikuwa nayo wala sikuiona haja yake. Tangu London nilizoea kusikilizia redio kwenye televisheni: unabonyeza 704, Radio 4, redio ya mazungumzo ya BBC, inaanza kuzungumza, nawe unaendelea kupiga pasi.

Niseme mapema kilichonifunga kwenye hiyo Radio 4, maana bila hilo kisa hiki hakina uzito. Ni taarifa ya hali ya bahari. Baba yangu alikuwa mvuvi wa Moa, kule Mkinga, Tanga, karibu na mpaka wa Kenya. Nyumbani kwetu swali la kwanza la asubuhi lilikuwa upepo: kusi kimeanza, kaskazi kimechelewa, matlai yanavuma. Nilipofika Uingereza nikasikia mtu anasoma redioni, taratibu kama anayehesabu shanga, majina ya maeneo 31 ya bahari na upepo wa kila eneo: Viking, Forties, Cromarty, Malin, Hebrides, Fair Isle. Nusu ya maneno sikuyaelewa, lakini nilijua huyu anaongea na watu kama baba. Tangu siku hiyo sikulala vizuri bila kuisikia.

Sasa Inverness. Siku ya kwanza nimerudi kazini, giza limeshaingia, naweka maji ya chai jikoni, nabonyeza 704. Kimya. Najaribu redio ya jirani yake, kimya. Nikadhani nimekosea namba. Nikafuta stesheni zote na kuzitafuta upya, dakika kumi na kitu za kuangalia mstari ukijaa, wapi. Asubuhi naamka, 704 ipo, inaongea kama haijatokea kitu. Jioni imekwenda tena.

Wiki mbili hivyo. Mwenye nyumba akasema ni upepo unasumbua antena. Nikamwita fundi, akapanda juu ya paa saa nne asubuhi, akaigeuza antena kidogo, akashuka, akaniambia nijaribu. Bila shaka redio zilikuwa zinaimba zote. Nikamlipa paundi 40 na asante juu. Jioni ile ile, kimya.

Aliyenifungua macho ni mzee wa ghorofa ya juu, mvuvi mstaafu kutoka kisiwa cha Lewis. Alitaka nimwite kwa jina lake la kwanza kama wenyeji wanavyofanya. Mtu wa umri wa babu yangu! Ulimi ulikataa, nikabaki na "bwana" kwa Kiingereza, naye akawa anacheka kila mara. Nilipomweleza masaibu yangu hakuuliza habari za antena. Alichukua rimoti, akaweka namba 8, akanionyesha wanaume wawili wanavuta wavu huku wakizungumza lugha ambayo sikuwahi kuisikia. "Hiyo ndiyo redio yako," akasema.

Kumbe ndivyo ilivyo. BBC Alba ni televisheni ya Kigaeli cha Uskoti, inayoendeshwa na BBC pamoja na taasisi ya MG Alba. Ilianza Septemba 19, 2008, lakini kwa setilaiti. Mwenye antena ya kawaida hakuipata. Wagaeli wakalalamika, na haki yao: unaanzisha televisheni ya watu, kisha watu wenyewe wanatakiwa kwanza wanunue dishi. Mwishoni mwa 2010 bodi iliyokuwa ikiisimamia BBC wakati huo ikakubali iingie Freeview, na Juni 8, 2011 ikaingia, Uskoti tu. Shida ikawa nafasi.

Matangazo ya Freeview husafirishwa kwa mafungu, na kila fungu lina ukubwa wake usionyumbuka. Ni kama dau. Likishajaa, wa kupanda anasubiri wa kushuka. BBC walikuwa wamezoea kupokezana viti: stesheni ya watoto CBBC ilikuwa inafunga saa moja usiku, na BBC Three, stesheni ya vijana, inakalia pale pale. Kwa hiyo viti vya jioni vya televisheni vilikuwa na wenyewe. Vilivyobaki ni vya redio. Redio moja inakula nafasi ndogo sana, lakini ukizikusanya zinatosha kuingiza picha. Ikaamuliwa hivi: Alba ikiwa hewani, kwa kawaida kuanzia kama saa kumi na moja jioni hadi karibu na saa sita usiku, redio 13 za BBC zinaondoka kwenye Freeview ya Uskoti. Alba ikifunga, zinarudi.

Kwa hiyo televisheni yangu ilikuwa nzima, antena ilikuwa nzima, na paundi 40 zangu zilikuwa zimekwenda kuangalia mandhari ya paa.

Nilikasirika, sitaficha. Lugha hii, kwa sensa ya 2011, ilikuwa na wasemaji kama 57,000 hivi, asilimia moja na kidogo ya Waskoti. Nikapiga hesabu za mtu mwenye hasira: hao wachache wananizimia mimi na wengine wote? Kisha, kwa kuwa redio haikuwepo na baridi ya Desemba hairuhusu kutembea (jua huko linazama saa tisa na nusu alasiri), nikaanza kuitazama hiyo iliyoninyang'anya.

Nilichokipenda kwanza ni mwendo wake. Alba haina haraka. Unaweza kutazama nusu saa nzima mtu akikata udongo wa kuni, ule mweusi wanaouchimba, wakauanika na kuuwasha jikoni, na anayehojiwa anaachwa amalize sentensi yake. Kulikuwa na vipindi vya mashua, vya kondoo, vya mama wanaoimba wakifua nguo nzito ya sufu kwa kuigonga mezani kwa pamoja, mmoja anatoa wengine wanaitikia. Hapo nilikaa wima. Ukiondoa sufu na baridi, ni akina mama wa kwetu wakitwanga.

Habari zao, An Là, zilikuwa zinaanza saa mbili usiku. Kulikuwa pia na Eòrpa, kipindi kilichoanza 1993, kilichokuwa kikizunguka Ulaya kuuliza mambo ya watu wa pembezoni: wavuvi, wahamiaji, lugha ndogo nyingine. Nilijifunza mambo mengi zaidi ya Ulaya kwa Kigaeli kuliko nilivyojifunza London kwa Kiingereza, na hilo bado linanishangaza. Jumamosi ni mpira. Mtangazaji anapayuka kwa Kigaeli, na baa nzima ya watu wasiojua hata neno moja wanapiga kelele naye. Nadhani hiyo ndiyo siri ya stesheni hii kuwa na watazamaji wengi kuliko wasemaji: goli halihitaji tafsiri.

Kisichonifurahisha ni maandishi ya Kiingereza chini ya picha. Yamebandikwa, huwezi kuyaondoa. Kwa mgeni kama mimi yalikuwa msaada. Lakini mzee wa juu alikuwa anakata gazeti na kuliegemeza chini ya kioo ili yasimsumbue, anasema macho yanakimbilia Kiingereza kabla masikio hayajafika. Na anayejifunza lugha hawezi kujifunza namna hiyo. Nilikaa miezi sita nikisoma tu. Neno iasg, samaki, niliokota sokoni, na gaoth, upepo, nilipewa na mzee kwenye ngazi siku mlango wa nje ulipong'olewa. Vipindi vya marudio navyo vilikuwa vingi mno. Filamu moja ya mnara wa taa niliiona mara nne, na si kwa kupenda.

Mama alikuwa akipiga simu jioni. Siku moja akanyamaza katikati ya maneno, akauliza, "Mwanangu, hao Waarabu hapo kwako wanagombana nini?" Nikamwambia si Waarabu, ni Wagaeli, na hawagombani, wanasoma utabiri wa hali ya hewa. Ile "kh" yao ya kooni ndiyo iliyompoteza. Nikamweleza kwamba ni lugha ya visiwani, shuleni watoto walikuwa wakichapwa kwa kuisema, wengi wakaacha kuwarithisha watoto wao, sasa serikali inailipia televisheni. Mama ni Mdigo. Akauliza swali moja tu: na Kidigo? Sikuwa na jibu. Nilikumbuka shule niliyosoma mimi, tukivikwa kibao shingoni kwa kosa la kusema Kiswahili, sembuse Kidigo. Hasira yangu juu ya redio ilipungua usiku ule, ingawa haikuisha.

Wakati ule ule kaka yangu wa Dar naye alikuwa na kilio chake. Usiku wa Desemba 31, 2012 Dar es Salaam ilizima mitambo ya analojia, na mtaa mzima ukaamkia mwaka mpya na kioo chenye chengachenga. Kila simu ilikuwa king'amuzi, king'amuzi. Tulicheka: yeye televisheni imempotea kwa sababu ya dijitali, mimi redio imenipotea ndani ya dijitali. Ahadi tuliyopewa wote, yeye kule na mimi huku, ilikuwa kwamba dijitali ina nafasi tele. Ina nafasi zaidi, ndiyo, lakini mwisho wake upo, na ukifika mwisho kuna mtu ofisini anachagua nani ashuke dauni. Ukipewa rimoti tu hilo hulioni.

Kwa anayekutana na hali kama yangu, nimejaribu karibu kila njia, kwa hiyo nisikilize. Mwenye dishi la setilaiti hana tatizo, Alba na redio zote anazipata kwa pamoja, lakini mpangaji wa chumba kimoja atafunga dishi wapi? Redio ya dijitali ya mezani, DAB, niliazima kwa mwenzangu wa kazini. Dirishani ilipiga safi, kitandani ilikwaruza kama mtu anayesukutua. Intaneti inafaa ukiwa na kifurushi kisichokwisha. Mimi changu kilikuwa kinakwisha tarehe 20.

Dawa niliipata kwenye duka la mitumba la hisani kwa paundi tatu: redio kuukuu ya betri, antena imepinda, ina FM na ina masafa marefu, yale ya 198 ambako Radio 4 ilikuwa ikisikika. Ukiwa Inverness mitambo ya masafa hayo ilikuwa jirani tu, Burghead, kwenye pwani ya Moray, kwa hiyo sauti ilikuja nzito na karibu kama mtu aliyeketi ukutani. Na hapa nikagundua jambo lililonichekesha peke yangu. Kwenye televisheni, hata London, taarifa ya bahari ya saa sita mchana siku zote nilikuwa siipati, na ile ya saa kumi na mbili kasoro dakika sita jioni niliipata Jumamosi na Jumapili tu, kwa sababu ya mchana kila siku, na ya jioni siku za kazi, zilikuwa zikisomwa kwenye masafa marefu peke yake. Kile kidude cha paundi tatu kikanipa taarifa zote nne za siku. Tena redio haidaiwi leseni, wakati televisheni ile ilikuwa inanidai paundi 145.50 kwa mwaka.

Basi ratiba yangu ikakaa sawa. Saa mbili usiku An Là, sauti ya wastani, mzee akishuka tunatazama pamoja na yeye ndiye anayetafsiri, gazeti limeegemezwa chini ya kioo. Ukifika utabiri wa visiwani ananyoosha kidole kabla ya mtangazaji. Halafu Alba inafunga, na kama sijashikwa na usingizi, saa sita na dakika 48 za usiku naisikia Radio 4 ikifika kwenye jina Hebrides. Mwanzoni lilikuwa jina zuri tu la bahari isiyonihusu. Kufikia mwaka wa pili nilikuwa najua sura za watu wanaoamka kulisikiliza, nyumba zao, mbwa wao, na jinsi wanavyosema upepo.

Niliondoka Inverness 2015. BBC Alba naipa nyota nne kati ya tano, na mpangilio wa redio kwenye Freeview ya Uskoti wa miaka ile naupa mbili. Nyota ya nne nusura niinyime kwa sababu ya zile Jumamosi za kwanza, kabla ya duka la mitumba, saa kumi na mbili kasoro dakika sita, bahari inasomwa London yote inasikia, na mimi nimekaa mbele ya mpira wa timu mbili nisizozijua hata majina. Redio ya paundi tatu nilimwachia mzee. Alikuwa na mbili tayari, lakini alisema hii antena yake imepinda upande mzuri.